Jaketi la Upepo Lisilozuia Upepo Wote

Nilikuwa nimepanda mbio kwa dakika hamsini, fulana imelowa mgongoni, nilipotokeza kwenye mgongo wa mlima na upepo ukanipiga ubavuni. Jaketi nililobeba lilikuwa jipya na jepesi, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba halipitishi upepo hata chembe. Alisema kweli. Nililivaa, nikapandisha zipu hadi kidevuni, na mara kelele za upepo zikabaki nje kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango. Dakika kumi baadaye kitambaa kilikuwa kimenata mikononi. Zilipotimia ishirini nilihisi maji yakiteremka kutoka kwapani hadi kwenye viganja. Kisha mwenzangu akateguka kidogo, tukasimama ili aufunge mguu vizuri, na katika dakika tano za kusimama pale nikatetemeka hadi meno yakagongana. Hapakuwa na mvua hata tone. Maji yote yaliyonilowesha yalitoka mwilini mwangu.

Tangu siku ile nimekuwa na majaketi manne ya upepo na nimeazima mengine kwa marafiki, na kila mtu anayeniomba ushauri huanza na swali lilelile: linazuia upepo kiasi gani? Mimi humrudisha nyuma. Aniambie kwanza anatoka jasho kiasi gani, na lini. Jaketi la upepo linalostahili jina lake huvuja. Huvuja kidogo, kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho unachokinunua, ingawa ni nadra kukikuta kimeandikwa kwenye lebo.

Mwili uliotulia hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopashwa joto na ngozi. Upepo hulifagia tabaka hilo, mwili ukatengeneza jingine, likafagiwa tena, na kila mara joto linakwenda na upepo. Paul Siple na Charles Passel walilipima jambo hili Antaktika miaka ya mwanzo ya 1940 kwa njia rahisi kabisa: walitundika nje chombo cha plastiki chenye maji, wakahesabu muda ambao maji yalichukua kuganda katika kasi mbalimbali za upepo. Kanuni inayotumika leo Marekani na Kanada ni ya mwaka 2001, na ilipimwa kwenye nyuso za watu waliojitolea kutembea ndani ya handaki la upepo. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzijoto 5 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kana kwamba ni takriban nyuzi 1 chini ya sifuri. Ongeza kwamba kila mita 1,000 unazopanda hupunguza, kwa wastani, nyuzi 6.5 hivi. Mtu aliyeondoka bondeni akiwa na fulana na jua usoni anaweza kuyakuta hayo yote kabla ya saa tatu za kupanda kuisha.

Hiyo ni ngozi kavu. Ngozi yenye jasho ni habari nyingine. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya mwili huondoka na takriban kilokalori 580, na mwili haubagui kama ulitaka kupozwa au hukutaka. Unapokimbia kupanda, zaidi ya robo tatu ya nishati unayotumia hutoka kama joto, kwa hiyo kukauka kwa jasho ni neema. Unaposimama, tanuri limezimwa lakini maji bado yapo, na upepo unayakausha kwa bidii ileile. Ndiyo maana jaketi linalofungia jasho ndani ni hatari zaidi kuliko linavyoonekana: linakusanya deni ambalo utalilipa siku utakaposimama.

Hapa ndipo jaketi la upepo linapotofautiana na koti la mvua, na naona watu wengi hawaelezwi tofauti hii vizuri. Koti la mvua la kisasa lina utando usiopitisha hewa, au unaopitisha kidogo mno. Mvuke wa jasho hauna budi kujipenyeza kwenye utando huo pole pole, na kazi hiyo huenda kwa mwendo wake hata kama wewe unavuja kama mtungi uliopasuka. Jaketi la upepo lenye kitambaa kizuri halina utando wowote. Ni nyuzi tu zilizofumwa kwa kubana, na hewa yenyewe inaingia na kutoka kati yake, ikibeba mvuke pamoja nayo. Upepo wa kilomita 40 unafika kwenye fulana ukiwa umevunjwa nguvu, kama pumzi tu. Tabaka la joto linabaki, jasho linaondoka.

Wazo lenyewe ni la kale. Thomas Burberry alibuni gabadini mwaka 1879: uzi ulitiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha ukafumwa kwa kubana sana, na nguo ikawa inakinga upepo huku ikimwacha mvaaji apumue. George Mallory alivaa gabadini juu ya tabaka za hariri, pamba na sufu alipopanda Everest mwaka 1924, na mabaki ya nguo hizo yalikuwa bado mwilini mwake alipopatikana mwaka 1999. Leo tumebadilisha pamba kwa nailoni na poliesta, na gramu mia kadhaa zimekuwa mia moja. Kanuni ya kazi haikubadilika.

Viwandani, upitishaji wa hewa hupimwa kwa futi za ujazo za hewa zinazopita katika futi moja ya mraba ya kitambaa kwa dakika, chini ya mgandamizo maalumu. Kitambaa chenye chini ya 5 kwa kipimo hicho, mwilini utakihisi kama hakipitishi upepo kabisa. Kati ya 10 na 40 hivi ndipo ninapokaa mimi nikiwa natembea au nakimbia. Juu ya 50 unahisi ubaridi wa upepo waziwazi, na wapo wakimbiaji wa damu moto wanaopenda hivyo. Kampuni chache hutangaza namba hii, na kitambaa cha jaketi lenye jina lilelile kinaweza kubadilishwa toleo lijalo bila mnunuzi kuambiwa. Kwa hiyo usimwamini rafiki aliyelinunua miaka sita iliyopita. Amini mdomo wako.

Namaanisha mdomo hasa. Kamata kitambaa cha mgongoni, mahali pasipo na mshono wala mfuko, kibane kwenye midomo upulize. Pumzi ikigoma kabisa na mashavu yakavimba, umeshika jaketi la kukaa nalo, la mtu asiyetoka jasho. Ikipita bila upinzani, umeshika pazia. Unatafuta upinzani mpole: pumzi ipite kwa kulazimishwa, na kiganja ulichokiweka upande wa pili kihisi uvuguvugu. Fanya hivyo kwa majaketi matatu mfululizo na tofauti itakushangaza, kwa sababu kwa macho yote matatu yanafanana. Nimeona watu wakiona haya kupuliza nguo dukani. Omba ruhusa, pulizia upande wa ndani, na uendelee.

Kinachosababisha tofauti hiyo mara nyingi ni pasi. Baada ya kufumwa, kitambaa hupitishwa kati ya rola za moto zinazokandamiza nyuzi hadi zilale bapa na kuziba nafasi kati yake. Kikipigwa upande mmoja kidogo, bado kinapumua. Kikipigwa sana kinang'aa kama karatasi, kinapiga kelele ukitembea, na hewa haipiti. Kile king'ao cha upande wa ndani ni dalili ya kwanza ninayoitazama kabla hata ya kupuliza.

Kisha kuna denia, namba ambayo wauzaji huipenda kwa sababu inavutia. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 10, basi, una gramu 10 tu kwa kilomita 9, na majaketi mepesi kuliko yote, kama vile Tachyon ya kampuni ya Montbell, hutumia uzi wa denia 7. Ukilishika unadhani umeshika bawa la kumbikumbi. Namba ndogo humaanisha wepesi, na humaanisha pia kwamba kitambaa kitasalimu amri mapema mbele ya mwamba, mwiba au mkanda wa begi. Vitambaa vingi hivi vina nyuzi nene zilizofumwa kwa miraba, zile unazoziona kama mistari midogo ya gridi. Hizo huzuia mchaniko usisafiri. Hazizuii mchaniko usitokee.

Kwa kukimbia, ninachojali zaidi ni kama nitalivaa kweli. Jaketi linalohitaji kusimama, kuvua begi, kufungua mfuko na kulikunjua litabaki ndani ya mfuko hadi uwe umeshaanza kutetemeka. Nimejifunza kulipima jaketi la kukimbia kwa kulivaa na kulivua nikiwa natembea kwa kasi, kifulana cha mbio chenye chupa za maji kikiwa bado mwilini. Kama linapita juu ya chupa, nalipenda. Mikono iwe na lastiki laini inayopanda hadi kwenye viwiko bila kukata damu, maana hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujipoza. Zipu iwe ndefu kutoka juu hadi chini. Nusu zipu huokoa gramu chache, lakini hukunyima uwezo wa kulifungua lote na kuliacha lipeperuke nyuma kwenye mteremko. Yapo majaketi yenye kifungo kidogo kifuani kinachoshikilia pande mbili zipu ikiwa wazi. Mara ya kwanza nilikidharau, sasa ni kitu cha kwanza ninachokitafuta. Na lisiwe pana. Kitambaa kinachopigapiga masikioni kwa saa mbili kinachosha akili kabla miguu haijachoka.

Kutembea mlimani na begi kubwa hubadilisha hesabu. Mgongo umezibwa na begi, kwa hiyo hata kitambaa kinachopumua vizuri hakiwezi kupumua pale, na jasho litakusanyika tu. Lipe njia nyingine ya kutoka: kifuani, kwapani, shingoni. Mikanda husugua mabegani saa baada ya saa, na kitambaa cha denia 7 hakitadumu misimu miwili ya begi la kilo kumi na tano. Denia 15 hadi 20 inatosha, na nyongeza ya gramu 30 hutaihisi begini. Angalia pia mifuko ya pembeni: mingi inakaa chini kabisa ya mkanda wa kiuno wa begi, haifikiki wala haina maana. Mfuko mmoja wa kifuani unashinda miwili ya namna hiyo.

Kukwea miamba ndiko kulikonifundisha mengi, kwa sababu mkweaji ni watu wawili ndani ya mwili mmoja. Akiongoza, anatoka jasho la nguvu na la hofu. Akifika kituoni, anasimama kwenye ubao wa mwamba upana wa kiti, anamshikia mwenzake kamba kwa dakika arobaini, upepo ukimzunguka, mikono haiwezi kuachia kamba hata kukuna pua. Jaketi lake lazima liwe tayari limevaliwa, au litolewe kwa mkono mmoja. Ndiyo maana napenda linalojikunja ndani ya mfuko wake lenyewe, lenye kitanzi cha kuning'iniza karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, nikalifunga nyuma ya hanesi, mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungiwa kamba, kama ngumi ndogo. Nililoning'iniza kwa uzembe mara moja liligonga mwamba siku nzima na mfuko ukatoboka kwenye kona. Sasa nalisukuma nyuma kabisa, katikati, mbali na vifaa.

Mzee mmoja aliyenifundisha kukwea alikuwa na desturi ya kunifanya nivae kila kitu chini kabla hatujafunga kamba. "Inua mikono yote miwili, mwanangu, kama umeshika mahali pa mwisho," aliniambia, kisha akatazama kiuno changu. Pindo la jaketi lilikuwa limechomoka kwenye hanesi na tumbo lipo nje. "Hilo rudisha." Ni kipimo kizuri kuliko chochote nilichosoma. Kama kwapa limekatwa vibaya, ukiinua mikono nguo yote inapanda, na kila ukishika mwamba wa juu upepo unaingia tumboni. Kofia yake nayo ina maswali mawili tu: inapita juu ya helmeti au chini yake? Na ukigeuza kichwa, inageuka nawe au unajikuta unatazama bitana? Kofia ya juu ya helmeti bila kamba ya kukaza itajaa upepo kama tanga siku ambayo hukuvaa helmeti. Mimi nimeishia kupenda kofia ndogo yenye lastiki inayokaa chini ya helmeti, kwa sababu inanifaa pia mbioni.

Kwa mwamba mkavu na mkali, kitambaa kinachonyumbuka na kizito zaidi, kama cha Alpine Start ya Black Diamond yenye takriban gramu 200, hustahimili miaka ambayo kitambaa cha kukimbia hakingeweza. Gramu hizo mkimbiaji ataziona ni mzigo wa bure. Jaketi moja la kazi zote tatu lipo, na litakuwa na kasoro katika kila kazi. Kama ningelazimika kubaki na moja, ningechukua la gramu 100 hadi 140, denia 15 au 20, lenye kofia, zipu kamili, mfuko mmoja, na pumzi inayopita kwa kulazimishwa. Houdini ya Patagonia na Squamish ya Arc'teryx zimekaa kwenye eneo hilo la uzito kwa miaka mingi, na si kwa bahati. Ukinunua yoyote kati yake, bado lipulize hilohilo utakaloondoka nalo.

Lipo jambo moja ambalo sitaki mtu aondoke bila kulisikia. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100. Wengi walivaa kaptura na fulana. Kati ya kituo cha pili na cha tatu, kwenye kilomita 8 zinazopanda karibu mita 1,000, walikutwa na mvua ya mawe, mvua baridi na upepo mkali. Watu 21 walifariki. Jaketi lilikuwa kwenye orodha ya vifaa vilivyopendekezwa, halikuwa kwenye orodha ya vya lazima. Mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliwaingiza wakimbiaji sita kwenye pango alilokuwa amejikinga na kuwawashia moto, wakapona.

Silitaji tukio hili ili kukuuzia jaketi la upepo. Nalitaja kwa sababu katika mvua ile, jaketi la gramu 100 peke yake lisingetosha. Maji yakishapita, kitambaa kinachopumua kinakuwa kitambaa kilicholowa, na upepo unarudi kufanya kazi yake. Mbio ndefu za UTMB, zinazouzunguka mlima Mont Blanc, hutaka kila mkimbiaji abebe koti la mvua lenye kofia, mishono iliyozibwa na utando wa kuzuia maji, na jaketi la upepo halikubaliwi badala yake. Nakubaliana na sheria hiyo kwa moyo wote. Mlimani nabeba vyote viwili. Jaketi la upepo nalivaa sehemu kubwa ya siku. Koti la mvua hubaki limekunjwa chini ya begi siku tisa kati ya kumi, na siku ya kumi sijutii uzito wake.

Kwa sababu hiyohiyo, sioni haja ya kuhangaika sana na dawa ya kuteleza maji inayopakwa juu ya kitambaa. Dawa ikiwa mpya, matone yanabingirika kama shanga, na inapendeza. Dawa hizo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kemikali za florini zisizooza, zile zinazobaki kwenye maji na udongo, na sasa zinaondolewa; California ilipiga marufuku kuuza nguo mpya zenye kemikali hizo kuanzia tarehe 1 Januari 2025, ikiyapa muda zaidi makoti maalumu ya mvua kali. Dawa mbadala hufifia mapema zaidi, hasa zikipata mafuta ya ngozi na vumbi. Kwa koti la mvua hilo ni tatizo la kweli. Kwa jaketi la upepo, linamaanisha tu kwamba manyunyu yatakulowesha dakika chache mapema, na kitambaa chembamba namna hii hukauka mwilini ukiendelea kutembea.

Kulifua ni kwa maji ya baridi na sabuni isiyo na dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo hujipaka kwenye nyuzi na kuzifanya zinywe maji. Likae kivulini hadi likauke. Jua kali hula nailoni nyembamba kimya kimya, na utagundua siku utakapolivuta zipu na bega likafunguka.

Langu la sasa lina miaka minne. Lina kiraka cha gundi begani kushoto, pale mkanda wa begi uliposhinda, na kingine kwenye kiwiko ambacho nilikikata mviringo ili kona zisibanduke. Maji hayabingiriki tena juu yake, yanaingia moja kwa moja. Juzi nililipuliza tena mgongoni, kwa mazoea. Pumzi ilipita kwa kulazimishwa kama siku ya kwanza, na kiganja upande wa pili kikapata uvuguvugu.